Mikate inayorudi jioni: malengo na mazoea ya anayeongoza biashara

SWALI

Assalaam alaykum. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mkaazi wa Wete, Pemba. Miaka mitatu iliyopita nilirithi kwa marehemu baba yangu bekari yenye tanuri moja na wafanyakazi 11. Tunachoma boflo kama 800 kwa siku na kuzipeleka madukani, kuanzia Wete mjini hadi Konde. Kila Januari huandika malengo katika daftari: kuongeza mauzo mara mbili, kupunguza hasara, kufungua tawi Unguja, kuwa kiongozi bora na kuwajali wafanyakazi. Ikifika Ramadhani huwa sikumbuki hata daftari lenyewe liko wapi. Wafanyakazi hawaamui jambo bila ya mimi. Simu inalia saa tisa usiku naulizwa hamira iko wapi. Niweke vipi malengo yatakayoshika, na nijenge mazoea gani ili niongoze biashara hii badala ya kuikimbilia kila inapoharibika? Na malengo hayo, niwatangazie wafanyakazi au nibaki nayo mwenyewe?

JIBU

Waalaykum salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale penye hamira. Mtu anayekupigia simu saa tisa usiku kuuliza hamira ilipo hafanyi hivyo kwa uvivu wala kwa ujinga. Kwa muda wa miaka mitatu kila swali lililoulizwa katika bekari hiyo limejibiwa na wewe, na yeye ameshazoea. Kwa hiyo mazoea unayoniuliza namna ya kuyajenga tayari unayo, tena yameshika barabara, ila hukuyachagua. Na malengo matano uliyoyaandika, pamoja na uzuri wake, yote ni ya mwaka mzima. Hakuna hata moja linaloigusa saa tisa ya usiku, wala alfajiri mikate inapotoka, wala jioni mikate mingine inaporudi. Nionavyo mimi, lengo ambalo halina saa yake ndani ya siku, wala mtu wake wa kuliangalia, halitafika Ramadhani hata likiandikwa upya kila mwaka.

Tuanze kwa kulipunguza daftari. "Kuwa kiongozi bora" na "kuwajali wafanyakazi" ni nia, na nia njema mtu hubaki nayo moyoni; lakini haihesabiki, na jioni ikifika huwezi kujua kama leo umeitimiza au hukuitimiza. Mauzo mara mbili ni matokeo, na matokeo hayo yanashikwa na mikono mingi isiyokuwa yako: bei ya unga, mvua za masika, fedha za karafuu zikiwa mifukoni mwa watu au zisiwemo. Tawi la Unguja nitalirudia. Linabaki la kupunguza hasara, ambalo limekaribia kuwa lengo, ila hujasema hasara ipi. Katika bekari hasara ina milango mingi: mikate inayoungua, unga unaomwagika, maduka yanayokopa na kuchelewesha, na mikate inayorudi bila ya kununuliwa. Mimi ningechagua mlango huu wa mwisho, kwa sababu mkate unaorudi unaonekana kwa macho, unahesabiwa na yeyote, na nyuma yake kuna karibu kila kosa jengine la biashara yako, tangu uchomaji mpaka usambazaji.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika boflo 800 zinarudi 60. Lengo lako basi linaandikwa hivi: kwa siku tisini, mikate inayorudi ishuke kutoka 60 hadi 30 kwa siku, ikihesabiwa kila jioni, na mwenye kuhesabu ni fulani. Namba ya kweli utaipata kwa kuhesabu wiki mbili kabla ya kuweka lengo lolote, na usishangae ikiwa kubwa kuliko unavyodhani. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nimeshawaona wafanyabiashara hodari ambao hawajui ni kiasi gani kinawarudia, kwa vile hakuna aliyewahi kukiandika.

Kwa nini namba, na kwa nini iwe ngumu kidogo? Mwanasaikolojia wa Kimarekani Edwin Locke aliandika mwaka 1968 kwamba mtu aliyepewa lengo mahsusi na gumu, akalikubali, hufanya vizuri zaidi kuliko aliyeambiwa tu "fanya kadiri uwezavyo", na utafiti mwingi uliofuata, ukiwemo wa Locke mwenyewe pamoja na mwanasaikolojia mwenzake Gary Latham, uliunga mkono kauli hiyo. Mfano ninaoupenda ni wa mwaka 1975, wa madereva wa malori ya magogo huko Oklahoma. Malori yao yalikuwa yakibeba takriban asilimia 60 tu ya uzito unaoruhusiwa kisheria, ijapokuwa madereva waliambiwa wajitahidi. Walipopewa lengo la asilimia 94, bila ya kuongezewa malipo, mizigo ilipanda na baada ya miezi mitatu ikapita asilimia 90. Lakini kuna jambo ambalo wengi wanaosimulia habari hii huliruka, nalo kwangu ndilo lenye uzito. Madereva waliahidiwa kwamba asiyefikia lengo hatoadhibiwa. Mwezi wa kwanza mizigo ilipanda, mwezi wa pili ikashuka, na walipoulizwa ilidhihirika kwamba walikuwa wakiijaribu ile ahadi, waone kama ni ya kweli. Haikuadhibiwa roho hata moja, na mwezi wa tatu mizigo ikapanda kuliko mwanzo.

Nakuomba ujiandae kwa mwezi wako wa pili, kwa sababu utakuja. Utakuja kwa sura ya kijana anayerudi jioni na baiskeli yake, amerowa mvua ya njia ya Konde, na katika kreti ya nyuma mna boflo 22 zilizokwishaanza kukakamaa pembeni. Atakuwa anakuangalia uso wako kabla hujasema neno. Ukimkaripia mbele ya wenzake, kuanzia kesho mikate hiyo hutaiona tena. Itauzwa nusu bei njiani, au itafichwa, na daftari lako litaandika uwongo mzuri. Ukimuuliza maduka gani yamerudisha na kwa nini, huenda akakueleza kwamba duka la tatu hupokea mikate saa nne asubuhi, wakati watu wa chai wameshapita kitambo. Kosa hapo ni la ratiba yako ya safari, na kijana huyo ndiye peke yake aliyelijua, pengine kwa mwaka mzima, bila ya kuulizwa.

Lengo lenye namba lina hatari yake pia, na sitaki nikuficheni wewe na wasomaji wengine. Benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwabana wafanyakazi wake wamuuzie kila mteja huduma nyingi, na mwaka 2016 ikatozwa faini ya dola milioni 185 baada ya kubainika kwamba wafanyakazi walikuwa wakifungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Wale walikuwa watu wa kawaida waliopewa namba moja na kutishwa nayo. Katika bekari njia nyepesi ya kupunguza mikate inayorudi ni kuchoma michache, maduka yaishiwe saa mbili asubuhi na wateja wahamie kwa jirani yako. Kwa hiyo pembeni ya hesabu ya kwanza weka ya pili: maduka mangapi leo yameishiwa mapema. Namba mbili zinazovutana zitakupa ukweli ambao moja pekee haitoi. Tatu zingekuwa nyingi kwa kuanzia.

Sasa tawi la Unguja. Latham na wenzake walikuja kuona kwamba kazi ikiwa ngeni na mwenyewe hajaijua njia yake, lengo gumu la matokeo linaweza hata kumkwamisha, na kinachofaa ni lengo la kujifunza. Wewe hujawahi kuuza mkate Unguja. Usiandike "kufungua tawi" kabla hujaandika mambo matatu unayotaka kuyajua kwa miezi mitatu: nani anayeuza boflo katika mtaa unaoufikiria na kwa bei gani, kodi ya banda pamoja na umeme itakula kiasi gani cha mkate mmoja, na nani atabaki na tanuri la Wete ukiwa hupo. Hilo la tatu ndilo litakaloamua, na linategemea mazoea nitakayoyataja hapa chini.

Kuhusu kusahau daftari ikifika Ramadhani, nafikiri unajilaumu pasipo na kosa. Katika utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London, uliochapishwa mwaka 2010, watu 96 walifuatwa kwa wiki 12 huku kila mmoja akijizoesha jambo dogo la kila siku. Kwa wastani wa katikati zilihitajika siku 66 mpaka jambo hilo lijifanye bila ya kulazimishwa. Waliowahi walitumia siku 18, na waliochelewa walikadiriwa kufika siku 254. Basi piga hesabu ya Januari yako. Ramadhani hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa Kizungu. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na mwaka 2026 imeangukia Februari. Yaani mazoea uliyoyapanda Januari hayakupata hata siku hizo 66 kabla ya siku nzima kupinduka: uchomaji unahama kutoka usiku kwenda mchana, wateja wanakuja kabla ya futari, mkate wa kumimina na mkate wa mofa vinagombea nafasi na boflo, na watu wa tanuri wanafanya kazi na saumu. Hakuna zoea changa linalostahimili hayo. Anza Mfunguo Mosi, Idi ikishapita na bekari ikisharudi katika mwendo wake. Utakuwa na miezi kumi na moja mbele yako, na Ramadhani itakayofuata utaikuta na zoea lililokomaa, ambalo utalihamisha saa tu. Na msimu wa karafuu ukiingia, vijana wako wawili watatu wakaenda kuchuma kwa sababu malipo ya pishi yanawavutia, usilivunje zoea. Libakishe hata kwa watu wanane au tisa waliobaki.

Kuna faraja nyingine katika utafiti huo: aliyekosa siku moja hakuharibikiwa. Akirudi kesho yake, mambo yaliendelea. Sisi tuliokulia madrasa tulifundishwa mapema kwamba amali ipendezayo zaidi ni ile inayodumishwa, hata ikiwa ndogo, kwa hiyo sidhani kama hili litakuwa geni kwako.

Namna ya kulipanda zoea nayo ina utaratibu wake. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer alionesha, katika makala yake ya mwaka 1999, kwamba mtu anayejiwekea mpango wa namna ya "likitokea hili, nitafanya lile" hutekeleza kuliko mwenye nia tupu. Ulaya na Marekani watu hutafuta ishara za kuning'inizia mipango yao, kama vile kikombe cha asubuhi au kufika ofisini. Sisi tunazo tano kila siku na hatukuzitafuta. Mpango wako uandike hivi: ikiadhiniwa Laasiri nikaswali, kabla sijafanya jengine lolote nakwenda mlangoni kupokea hesabu ya mikate iliyorudi. Nimeitaja adhana kwa makusudi, kwa kuwa adhana inasikika kila siku, uwe na udhuru wa kisharia au usiwe nao, na zoea linahitaji ishara isiyokosa hata siku moja. Kazi yenyewe iwe fupi, dakika kumi zinatosha. Simama, pokea namba mbili, uliza swali moja, shukuru, ondoka.

Zoea la pili ndilo gumu, na naomba unipe nafasi nikae hapa kidogo. Ni zoea la kutojibu mara moja. Mfanyakazi akija na swali, mwambie: "Wewe unaonaje?" kisha unyamaze. Atababaika mara ya kwanza na ya pili. Huenda akadhani unamtega, hasa ikiwa marehemu baba yako alikuwa mtu wa kutoa amri, kama walivyokuwa wengi wa rika lake. Vumilia ukimya huo. Jibu lake likiwa linafaa kwa kiasi cha wastani, likubali kama lilivyo hata kama wewe ungefanya vizuri zaidi, na ukubali kwa maneno yanayosikika: "Fanya hivyo." Likiwa halifai, mwoneshe kilichomkosa, lakini usilichukue jambo mikononi mwake.

Nalisema hili kwa uchungu wa mtu aliyelipata kwa gharama. Nilipokuwa nikisimamia ghala la kampuni moja ya usambazaji mjini Unguja, nilikuwa na fahari kwamba hakuna robota linalosogezwa bila ya idhini yangu. Nikaugua homa, nikalala siku tisa. Niliporudi nilikuta marobota ya nguo yamekaa bandarini siku sita, yanahesabiwa gharama za kuhifadhiwa, na karatasi zake zote zimo katika meza ya karani ambaye kazi ya kutoa mizigo aliijua kuliko mimi. Nilimuuliza kwa nini hakwenda. Alinijibu kwa adabu kabisa: "Hukuniambia niende." Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu kila mara alipowahi kwenda mwenyewe nilimuuliza nani amemtuma.

Ili neno "fanya hivyo" lisibaki maneno matupu, lipe mipaka ya fedha. Mteue fundi wa tanuri, umtangazie mbele ya wenzake kwamba kuanzia leo, usiku, jambo lolote lenye gharama isiyozidi shilingi 30,000 analiamua yeye, ananunua au anatengeneza, na asubuhi anaandika katika daftari alichofanya na kwa nini. Kiwango kiweke kulingana na mfuko wako, muhimu kijulikane. Atakosea, na gharama ya kosa lake la kwanza ihesabu kuwa ada ya skuli. Katika wiki za mwanzo atakupigia bado, na hapo ndipo zoea lako litakapopimwa kweli, saa tisa ya usiku ukiwa na usingizi machoni, kwa kuwa jibu la haraka litakurudisha kulala mapema zaidi kuliko swali la "wewe unaonaje?". Uliza hata hivyo. Hamira yenyewe, kwa mwezi wa kwanza, iwekewe sanduku lake na ufunguo wake mikononi mwa fundi.

Zoea la tatu ni dogo. Kila Alkhamisi, baada ya hesabu ya Laasiri, kaa nusu saa na fundi wa tanuri, mkuu wa wasambazaji na anayeshika fedha, daftari likiwa wazi katikati yenu. Msome namba za wiki, mchague jambo moja la kujaribu wiki ijayo, na muandike nani atalifanya. Siku nyengine haina neno, lakini Ijumaa ina shughuli zake na Jumamosi mambo ya wiki yameshasahaulika. Usiyageuze mazungumzo hayo kuwa mahakama. Na ukiwa safarini yaendelee bila ya wewe, kwa kuwa hapo ndipo utakapojua kama tawi la Unguja linawezekana.

Mengine yote ambayo huenda ukashauriwa, kozi za uongozi, kuamka mapema zaidi, kusoma kila usiku, yaache kwa sasa. Mtu anayeanzisha mazoea matatu kwa pamoja tayari anajitwisha mzigo mkubwa, na mimi ningependa uanze na la Laasiri peke yake kwa mwezi mmoja, ndipo la pili liingie, ndipo la Alkhamisi.

Umeniuliza mwisho kama uwatangazie wafanyakazi. Lengo la mikate inayorudi ni lao, kwa hiyo watangazie, na kabla ya kutangaza waulize wao wanaona namba gani inafikika. Locke na Latham walisisitiza kwamba lengo lisilokubaliwa na mtendaji halina nguvu. Liandike kwa chaki ukutani karibu na mlango wa kutokea kreti, namba ya jana na ya leo, bila ya jina la mtu. Mazoea yako mwenyewe usiyatangaze. Mwambie fundi wa tanuri peke yake kwamba unajizoesha kuuliza kabla ya kujibu, na umpe ruhusa ya kukukumbusha pale utakapojisahau. Atakapokukumbusha kwa mara ya kwanza, huenda ikawa mbele ya watu na huenda ikakuchoma. Mshukuru hapo hapo, kwa sauti wanayoisikia wote waliopo tanurini.